Msijenge bweni la vitanda 200 kabla ya kupata nyumba za kuwahamishia watu

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Umeandika kwamba jiji lenu lina fedha, linataka bweni la vitanda 200 kwa ajili ya wanaolala nje, na unauliza ukubwa wa jengo, mpango wa chakula na namna ya kuwahesabu watu. Ukubwa wa jengo ndilo swali la mwisho, ninyi mmeanza nalo.

Piga hesabu. Kila mtu akikaa siku 30 akapata nyumba, vitanda 200 vinahudumia takriban watu 2,400 kwa mwaka. Akikaa siku 300 kwa sababu hana pa kwenda, jengo lilelile, kwa mishahara ileile, linahudumia takriban 240. Sasa tuseme kila mwezi watu 40 wapya wanakosa makazi na 15 tu ndio wanaopata nyumba. Wanabaki 25. Bweni linajaa mwezi wa nane, na wa mwezi wa tisa analala pale pale alipolala jana. Ila sasa jiji lina walinzi wa zamu tatu, wapishi, mafundi bomba na bili ya umeme, kila mwezi, bila mwisho. Kulifunga hamuwezi, maana lina watu 200 ndani. Fedha ambayo ingelipa kodi za nyumba imeshamezwa.

Unasema pia mna mshauri aliyewaambia "vitanda kwanza, nyumba zitafuata". Hata simjui, lakini slaidi zake naweza kukuchorea. Yuko kila jiji, anabadilisha picha ya jalada tu, na siku bweni linapofurika hapatikani kwenye simu. Mtasema nina kinyongo. Ninacho, tena nakitunza vizuri kuliko wengi wanavyotunza mabweni yao.

Helsinki, mji mkuu wa Finland, walikwenda kinyume kabisa. Mwaka 1985 walikuwa na vitanda vya mabweni zaidi ya 2,000. Kufikia 2016 vilibaki kama 50. Mabweni yaligeuzwa kuwa vyumba vya kupanga, kila mtu na mkataba wake na ufunguo wake. Wazo lenyewe, Nyumba Kwanza, lilipata umbo New York mwaka 1992 kwa mwanasaikolojia Sam Tsemberis na shirika lake, Pathways to Housing: mtu anapewa nyumba bila kudaiwa kwanza aache pombe au amalize matibabu, analipa karibu 30% ya kipato chake, na wahudumu wa afya na ustawi wa jamii wanamfuata nyumbani. Wasije wakakuuzia nusu yake. Nyumba bila wahudumu si Nyumba Kwanza, ni kumtelekeza mtu ndani ya kuta nne. Kwa wenye maradhi mazito ya akili inahitajika timu yenye mhudumu mmoja kwa watu 10 hivi. Kwa wengine mmoja kwa 20. Mkimpa mhudumu watu 60, atabaki kujaza fomu.

Kwa hiyo kanuni ni moja: hakuna kitanda kipya kabla ya kuwepo nyumba ambayo mtu atahamia. Anzeni na orodha ya majina ya wanaolala nje, si hesabu ya usiku mmoja. Usiku mmoja unakupa picha; orodha inakuambia nani kaingia, nani katoka na amekwama wapi. Jina, tarehe aliyoanza kulala nje, afya, vitambulisho alivyonavyo, mhudumu anayemshughulikia, na ridhaa yake kwamba taarifa hizo zitumike. Isasishwe kila wiki, na mashirika yote yatumie orodha hiyo hiyo. Houston, jiji la Marekani, walipiga hatua kubwa kuanzia 2012 kwa kuyafanya mashirika mengi yafuate mpango mmoja badala ya kila moja kuwa na foleni yake.

Kisha wenye nyumba. Huwapati kwa hotuba. Wanataka amana, kodi inayofika tarehe ileile, mfuko wa kulipia uharibifu, na namba ya simu inayopokelewa usiku. Vyumba vinapokuwa tayari, lipeni kodi ya kuvishikilia wakati mpangaji anakamilisha karatasi zake, la sivyo vinachukuliwa. Na karatasi ndizo zinazochelewesha kuliko chochote: asiye na kitambulisho hasaini mkataba. Fuatilieni vitambulisho siku jina linapoingia kwenye orodha, msingoje nyumba ipatikane.

Miezi ya kwanza ndiyo ya hatari. Marafiki wa mtaani wanahamia, kelele zinaanza, mwenye nyumba anapiga simu. Au mtu anashindwa na upweke, anarudi kulala nje huku ufunguo uko mfukoni. Mtembeleeni kila wiki, nyumbani kwake, si ofisini kwenu. Akipoteza nyumba, mtafutieni nyingine. Msimrudishe mwisho wa foleni.

Vitanda vichache vya dharura mtavihitaji, sibishi. Leta hapa namba mbili za miezi sita iliyopita: walioingia mtaani, na waliotoka kwenda kwenye nyumba yenye mkataba. Ndipo tuzungumze vitanda vingapi.