Re: Nitajuaje kesi ya kompyuta ni imara kabla sijalipa?
Mambo mkuu, umeuliza utajuaje kesi ni imara maana kwenye picha zote zinang'aa. Mimi naunganisha mashine za wateja, cha kwanza naangalia uso wa mbele, kama ni kioo kitupu kimeziba kote hewa itaingilia wapi? Chukua yenye wavu, na chujio la vumbi liwe linachomoka bila bisibisi, vumbi la kwetu si unalijua.

Halafu toa kifuniko cha ubavuni, shika fremu kona mbili za mshazari uipinde kidogo, bati la milimita 0.5 linayumba na ukiweka kadi nzito ya grafiki inaning'inia, la 0.8 limetulia. Pitisha kidole taratibu kwenye kingo za ndani, kesi nzuri zimekunjwa, mbovu zinakata kama wembe aisee. Vile vifuniko vya nyuma panapotokea kadi, vya kung'oa havirudi tena, tafuta vya skrubu. Nyuma ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, pabaki nafasi ya kama milimita 20 ya kupitisha nyaya, la sivyo kifuniko cha ubavuni hakifungi.

Taa za rangi usizilipie kabisa. Tuma urefu wa kadi yako tuone kama itaingia.