Maswali na Majibu: Maji Taka Yasiyofyonzwa na Ardhi

SWALI: Mhariri, pokea salamu zetu. Sisi ni familia ya watu sita hapa Ahero, Kaunti ya Kisumu. Maji ya bafuni na jikoni huingia katika shimo lililojazwa mawe, lakini kila masika shimo hilo hufurika, uvundo hutanda boma zima na mbu huzaana. Fundi anataka tulichimbe mara mbili ya kina cha sasa. Kisima chetu kiko upande wa chini. Je, tumfuate?
Msomaji, Ahero

JIBU: Tafadhali msilichimbe zaidi. Udongo mweusi wa tambarare za Kano ni wa mfinyanzi. Ukilowa huvimba na kuziba, na kwa kuwa wakati wa masika maji ya chini ya ardhi hupanda karibu na uso, kila futi mnayoongeza huusogeza uchafu karibu zaidi na maji mnayoteka. Kwa sasa, maji ya kisima hicho yachemsheni kabla ya kuyanywa.

Kinachofaa kwenu ni kuyasafisha maji juu ya ardhi, katika kitanda cha changarawe kilichopandwa mafunjo au matete. Kwa maji ya bafuni na jikoni peke yake, mita mraba 1 hadi 2 kwa kila mtu zinatosha katika joto la huko, kwa hiyo kitanda cha mita 2 kwa 5 kitawafaa. Kizungushieni tuta imara ili mafuriko yasiingie, mkitandike plastiki nzito ambayo wafugaji wa samaki hutumia mabwawani, kisha mkijaze changarawe iliyooshwa, ya ukubwa wa punje za mahindi, hadi kina cha sentimita 60. Wapo wanaosema mfinyanzi wenyewe unatosha kuzuia maji, na ni kweli ukiwa umelowa. Lakini familia ikisafiri na kitanda kikakauka, udongo huo hupasuka nyufa na maji yakapotelea humo. Plastiki isiachwe.

Mdomo wa bomba la kutokea uwekwe sentimita 10 chini ya uso wa changarawe, ili maji yasionekane kamwe, mbu wakose pa kutaga na harufu isipande. Wanaoifanya kazi ya kusafisha hasa ni bakteria walioshika kwenye changarawe na mizizi. Kwa kuwa kitanda kitakuwa juu, sakafu ya bafu nayo iinuliwe, maji yateremke yenyewe bila pampu. Kaeni mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na kitanda kisiwe upande wa juu wake.

Sehemu ambayo wengi huipuuza ndiyo ninayowasihi muishike: mtego wa mafuta. Kabla ya kitanda, maji yapite katika pipa lenye mfuniko, ambamo mafuta ya kukaangia samaki huelea, makombo yakatuama, na bomba likachota maji ya katikati. Yaondoeni mafuta hayo kila wiki, kwani yakiingia kwenye changarawe huiziba, na hakuna dawa ila kuitoa yote na kuiosha.

SWALI: Nina tangi la septiki na kitanda cha namna hiyo. Naweza kumwagilia sukuma wiki?
Msomaji, Njoro

JIBU: Ningekukataza. Kitanda hupunguza vijidudu lakini hakivimalizi, na ingawa sukuma wiki hupikwa, mikono iliyoichuma na kisu kilichoikata ndivyo hivyo hivyo vinavyotengeneza kachumbari. Maji hayo yapeleke kwenye miparachichi, miti ya kuni au nyasi za Napier, yapite mferejini bila kurushwa hewani. Tope la tangi, ambalo kwa kawaida huhitaji kuondolewa kila baada ya miaka 3 hadi 5, lisimwagwe shambani likiwa bichi. Lichukuliwe na gari la kunyonya maji taka lenye kibali, likasafishwe panapostahili.