Muhogo wa nyanya yako

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu Salama,

Juzi kwenye simu uliniuliza, kwa ile sauti yako ya kuficha lawama: "Mama, miaka 26 unahangaika na kimeng'enya kimoja cha muhogo. Ungeanza upya, ungeifanya tena kazi hii?" Nikakujibu ugali unaungua. Haukuwa unaungua. Nilijua unachouliza hasa ni kama uache kazi ya benki ukasome uzamili, nami sikutaka kujibu kwa pupa.

Nyanya yako alikuwa akimenya muhogo mchungu, anaurundika nyuma ya jiko na kuufunika majani ya mgomba siku tatu nne, mpaka uote ukungu. Kisha anaukwangua, anauponda, anauanika juu ya jiwe. Harufu yake siisahau. Siku moja njaa ilinizidi, nikaiba kipande kibichi, nikakichemsha haraka haraka nikala. Nilitapika mpaka usiku. Nyanya hakunipiga. Alisema tu, "Hukuusubiri."

Nilikuja kumwelewa Makerere. Kwenye muhogo sumu imelala ndani ya vifuko vya seli, inaitwa linamarini. Kimeng'enya cha kuikata, yaani kibarua wa kemia ndani ya kiumbe hai, kinaitwa linamarasi, nacho kiko kwenye ukuta wa seli. Havikutani mpaka muhogo uvunjwe au uoze. Vikikutana, linamarasi inaiondoa sukari, kinachobaki kinavunjika, sianidi, ambayo ni sumu kali, inatoka. Na sianidi huchemka kwenye nyuzi kama 26 tu, kwa hiyo jua letu la saa sita linatosha kuifukuza. Mimi na sufuria yangu nilikuwa nimemuua kibarua huyo kwa moto kabla hajaanza kazi, sumu nikaila.

Basi nikakishika kimeng'enya hicho. Ni glikoprotini, yaani protini iliyovishwa minyororo ya sukari, hasa manosi, na hapo ndipo pa kukinasia. Unaponda muhogo kwenye barafu, unachuja, unapitisha majimaji kwenye bomba la kioo lenye punje zilizopakwa konkanavalini A, protini ya aina fulani ya maharage inayopenda manosi. Protini nyingine zinapita, chako kinanasa. Ukitaka kukitoa unamimina sukari ya kufanana na yake. Punje zinaikumbatia sukari, zinamwachia mfungwa. Kisha unakipa chambo kisicho na rangi, unangoja, unatia magadi. Kama kiko hai, chupa inageuka njano. Mara ya kwanza nilipoiona njano ile nilitoka nje kutafuta mtu wa kumwonyesha, nikamkuta askari wa getini. Alisema inafanana na soda.

Protini hiyo ya maharage ilitengwa na James Sumner wa Marekani mwaka 1919. Alikuwa na mkono mmoja, na aliwahi kushauriwa aache kemia akasome sheria. Mwaka 1926 akaonyesha kwamba kimeng'enya ni protini, wakubwa wa sayansi wakambishia miaka mingi. Nobel aliipata 1946. Nakutajia huyu kwa sababu wewe huna subira hata ya kungoja chai ipoe.

Sitakuficha mabaya. Mwaka ule ulipokuwa darasa la tano, stima ilipotea siku tatu, jenereta haikuwa na mafuta, na kila mtu alidhani mwenzake amenunua. Friza ikayeyuka. Miezi minane ya kazi ikawa uji unaonuka. Uliniuliza kwa nini nimevimba macho, nikasema vitunguu. Na nyumba hii, usidanganyike, imejengwa na duka la baba yako.

Ndiyo, ningeifanya tena. Lakini mimi nilikuwa na swali kabla sijawa na kazi. Lilikuwa tumboni tangu siku ile ya sufuria. Wewe sijakusikia ukitaja lako. Kama huna, baki benki kwanza, uzamili hauozi. Kama unalo, nipigie hata usiku wa manane.

Ule unga niliompa Opio akuletee ni wa muhogo mchungu. Uloweshe kwa maji kidogo, uutandaze mwembamba kwenye sinia, uache juani kwa muda wa saa mbili ndipo usonge. Usiufunike.

Mama yako