Koti linapwaya, suruali inabana

SWALI: Mimi ni mwanamke wa zimamoto. Koti linanipwaya mabegani, suruali inanibana nyonga. Nimpelekee fundi cherehani?

JIBU: Hapana, tafadhali. Sindano yake itatoboa tabaka la kuzuia maji, na uzi wa kawaida wa poliesta huyeyuka motoni. Marekebisho yafanywe na mtengenezaji au fundi aliyeidhinishwa naye. Suruali ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi: ikibana, hewa iliyo kati ya matabaka hutoka, na hewa hiyo ndiyo kinga yako dhidi ya joto. Omba upimwe kifua, kiuno na nyonga, kila kimoja peke yake. Ukijaribisha, beba mtungi wa hewa, inua mikono, kisha iname: koti liendelee kufunika suruali kwa sentimita 5 angalau.