Uliza Tukujibu: "Mpwa wangu kazaliwa Ohio, wazee wa kijiweni wanasema si Mmarekani halisi"

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi msomaji wako wa siku nyingi, niko Nkuhungu hapa Dodoma. Dada yangu alienda Marekani kusoma akaolewa hukohuko na Mtanzania mwenzake, wana mtoto wa kiume ana miaka 16, kazaliwa Columbus, Ohio. Likizo hii wamekuja nyumbani nikamchukua dogo twende kijiweni Majengo anywe kahawa awajue wazee. Mzee mmoja akamuuliza we mtoto wa wapi, dogo akajibu kwa Kiswahili chake kile cha kuungaunga, "mimi Mmarekani." Weee! Mzee aliyekuwa anacheza bao akabaki na kete mkononi, akasema Mmarekani halisi ni mzungu, huyu Mgogo kazaliwa ugenini basi. Mwingine akadakia hata hao wazungu wenyewe wamehamia tu, halisi ni Wahindi Wekundu. Dogo kanuna mpaka nyumbani, njiani akaniambia hata shuleni kwao wanamuuliza ametoka wapi, akisema Columbus wanamwambia hapana, umetoka wapi hasa. Sasa dada nani yuko sahihi hapo?
Mjomba wa Nkuhungu

JIBU: Kaka, dogo yuko sahihi, nimeanza na hilo makusudi wazee wasije wakasema nimezungukazunguka. Marekebisho ya 14 ya katiba ya Marekani, yaliyopitishwa 1868, yanasema mtu aliyezaliwa Marekani au aliyepewa uraia kule, na yuko chini ya mamlaka ya sheria zake, ni raia. Mzungu hatajwi, mweusi hatajwi, babu yake mtu hatajwi kabisa. Na hawakuandika vile kwa bahati mbaya. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu yao ilikuwa imemwambia Dred Scott, mtumwa aliyekuwa anadai uhuru wake, kwamba mtu mweusi awe mtumwa awe huru hawezi kuwa raia wa nchi ile. Ikapiganwa vita ya wenyewe kwa wenyewe, utumwa ukafutwa, ndo wakakiweka kile kifungu.

Alafu kikaja kujaribiwa. Kulikuwa na mpishi anaitwa Wong Kim Ark, kazaliwa San Francisco mwaka 1873, wazazi wake Wachina. Akaenda China kusalimia, anarudi 1895 wanamzuia bandarini, wanamwambia wewe si raia wewe Mchina, na kipindi hicho kulikuwa na sheria ya tangu 1882 ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie. Wakamweka kwenye meli, anahamishwa kutoka meli hii kwenda ile, miezi inapita, na mji aliozaliwa anauona palepale kwa macho. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, 1898 akashinda. Kwahiyo dogo wako akisema mimi Mmarekani, anasema kitu ambacho mtu alishakipigania mpaka mahakama ya mwisho. (Najua mtaniuliza ya Trump. Januari 2025 alisaini amri kwamba watoto wa watu wasio na vibali na wa wenye viza za muda wasihesabiwe raia, mahakama zikaizuia. Ila hata amri yenyewe ilikuwa inawahusu watakaozaliwa baadae, dogo wa miaka 16 haimgusi.)

Sasa mzee wa bao. Hakuokota hewani yule, tusimcheke sana. Sheria yao ya kwanza ya kuwapa uraia wageni, ya 1790, iliandika wazi ni kwa mzungu aliye huru. Na ikakaa hivo miaka na miaka, weusi wakaja kuongezwa 1870, watu wa Asia wakaachwa nje, mpaka ikafika mahali majaji wanakaa kujadili nani mzungu nani siyo. Mwaka 1922 Mjapani mmoja, Ozawa, aliambiwa hawezi kupewa uraia kwasababu kitaalamu haingii kwenye kundi la watu wa asili ya Caucasus. Mwaka uliofuata akaja Thind, Singasinga kutoka India ambaye alishavaa gwanda za jeshi la Marekani kwenye vita ya kwanza ya dunia, akasema mimi wataalamu wananihesabu kwenye kundi hilohilo, haya nipeni. Majaji walewale wakageuka, wakasema hapana, mambo ya wataalamu tuweke pembeni, tuangalie mtu wa kawaida mtaani anamwita nani mzungu. Yaani kipimo kinabadilika kulingana na nani amesimama mlangoni! Thind alikuja kuupata uraia 1936, kwa sheria ya askari wastaafu.

Na hata ngozi nyeupe peke yake ilikuwa haitoshi. Miaka ya 1850 kulikuwa na chama kizima cha siasa kinawapinga wahamiaji Wakatoliki, hasa Waayalandi na Wajerumani, kwamba wanamtii Papa hawawezi kuwa Wamarekani wa kweli. Leo hii ukimwambia mtu wa ukoo wa Kiayalandi kule Boston eti si Mmarekani halisi atakushangaa.

Mzee wa Wahindi Wekundu naye ana hoja, kwa maana ya nani alitangulia kwenye ardhi hana mpinzani. Lakini angalia maajabu haya, wale wenye nchi ndo walikuwa wa mwishomwisho kupewa karatasi. Sheria ya kuwafanya wenyeji wote wa asili kuwa raia ilipita 1924, na majimbo ya Arizona na New Mexico yaliendelea kuwanyima kura mpaka 1948. Kwahiyo ukitumia kipimo cha karatasi mwenyeji anakuja baada ya mgeni, ukitumia kipimo cha ardhi karibia nchi nzima inabaki ya wageni. Mimi kwa mtazamo wangu hili neno halisi huwa halitafutwi na mtu anayetaka kujua, linatafutwa na mtu anayetaka kumtoa mwenzake kwenye foleni. Hata hapa Dodoma si tunayaona, tangu serikali ianze kuhamia kwa kasi 2016 kila mtu anaulizana mwenyeji ni nani, wakati wazee wa Kigogo wenyewe watakwambia koo zao nyingi zina asili ya Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru, na wote Wagogo na hakuna anayedaiwa cheti.

Hilo la shuleni ndo limeniuma zaidi. Karatasi anayo dogo, macho ya watu yanachelewa. Obama kazaliwa Honolulu 1961, baba yake Mkenya, akagombea urais akashinda, na bado kuna watu walikomaa hajazaliwa Marekani mpaka 2011 akatoa cheti kirefu cha kuzaliwa, rais aliyeko Ikulu kabisa! Mwambie dogo hayuko peke yake, na mwambie pia akifika miaka 35 akiwa ameishi kule miaka 14 anaruhusiwa kugombea.

Ila na yeye nina neno lake. Umri wa 18 unakuja, na kama mama yake alikuwa bado raia wa Tanzania wakati anamzaa, dogo ana uraia wa huku pia, ila sheria yetu ya 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, itabidi achague. Ugogo hauna fomu, huo atakaa nao. Kwahiyo Mmarekani wa Columbus aamke asubuhi amwamkie bibi yake mbukwenyi, hamna sheria ya Marekani inayomkataza.

SWALI: Dada mambo, mimi niko Manyoni. Mchumba wangu yuko Houston, anakaribia kuapishwa uraia. Mashoga zangu wananiambia Mmarekani wa karatasi si Mmarekani, siku akikosea kidogo wanamrudisha. Kweli? Na mahari nimwambie alete kwa dola?
Mrembo wa Manyoni

JIBU: Siyo kweli mdogo wangu. Siku ya kiapo anarudisha grini kadi pale mapokezi, anaapa, anapewa cheti, na kuanzia hapo haki zake ni sawa na za aliyezaliwa kule isipokuwa hawezi kuwa rais wala makamu. Kuuondoa uraia wake inabidi serikali iende mahakamani ikathibitishe, mfano, kwamba aliupata kwa kudanganya. Kwahiyo muulize mapema, kwenye fomu zile alijaza ana mchumba Manyoni au alijaza ana mke Houston? Maana wengine huwa wanaomba baada ya miaka 3 badala ya 5 kwasababu wameoa raia. Na ajue akishaapa uraia wa Tanzania ndo basi. Mahari kaongee na baba yako, ila shilingi ni shilingi, dola zitawaletea kelele za kubadilisha mpaka siku ya harusi.