Maswali ya wasomaji: Mafuta ya manukato na vyetezo vya umeme

Msimu huu wa baridi, madirisha ya Mbeya, Njombe na Makete yakifungwa tangu jioni, barua nyingi tulizopokea zinahusu vyetezo vya umeme na mafuta yake. Tumezijibu zile zinazogusa usalama.

Swali: Nimenunua Mwanjelwa chetezo cha umeme chenye kisahani juu na balbu ndani. Muuzaji aliniambia nijaze mafuta hadi ukingoni. Baada ya nusu saa kinatoa moshi na harufu ya kitu kinachoungua. Ni kibovu? – Msomaji, Uyole

Jibu: Huenda ni kizima kabisa, ila kimelishwa vibaya. Kwenye kisahani cha aina hii, kama maelekezo ya kiwandani hayasemi vingine, tangulia kuweka maji: vijiko viwili vya chakula, kama mililita 30. Kisha dondosha matone 5 hadi 8 ya mafuta, basi. Maji ndiyo yanayozuia joto lisipande. Hapo Mbeya, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji huchemka yakifika kama nyuzi 94, kwa hiyo maadamu kuna maji kisahanini, mafuta hayawezi kupata moto zaidi ya hapo. Yakikauka, mafuta yaliyobaki yanazidi kupata joto, yanakuwa mazito, yanageuka kahawia na kuanza kuungua. Angalia kisahani kila baada ya saa moja. Kabla ya kuongeza maji, zima, chomoa na uache kipoe, maana kisahani cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka.

Tazama pia balbu. Karibu na kishikio kuna kibandiko kinachotaja wati, mara nyingi 25. Balbu ya wati 40 itaingia vizuri tu, lakini itayeyusha plastiki na kukausha waya hadi ukatike ganda. Na ukiweka balbu ya LED utapata mwanga bila joto la kutosha, halafu utadhani mafuta ni feki.

Kitu cha tatu ni mafuta yenyewe. Wapo wauzaji wanaoyaongezea mafuta ya alizeti au ya nazi ili chupa ijae. Mafuta ya kupikia hayapai. Yanakaa kisahanini, yananata, kisha yanatoa moshi. Dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe ulaze hadi asubuhi. Likiacha doa pana linalopitisha mwanga, kama la andazi, usiyapashe moto.

Swali: Saluni yangu ina chetezo cha umeme cha kuchomea udi. Naweza kudondoshea mafuta ya mkaratusi au pafyumu, wateja wapende kukaa? – Mwenye saluni, Iringa mjini

Jibu: Hapana, dada, kwa yote mawili. Bamba la kuchomea udi limetengenezwa liunguze kitu kikavu, na joto lake linapita mbali lile la maji yanayochemka. Mafuta ya mkaratusi huanza kutoa mvuke unaoweza kushika moto yakifika nyuzi 48 hivi. Pafyumu ni hatari zaidi, kwa sababu sehemu kubwa yake ni spiriti, na mvuke wa spiriti unashika moto hata kwa joto la kawaida la chumba. Saluni ina pasi za nywele, ina makopo ya kupulizia, ina rangi za kucha. Tafuta kifaa kinachorusha ukungu wa maji bila kupasha moto. Weka matone 3 hadi 5 kwa kila mililita 100 za maji, na kila wiki ukisafishe kwa maji yenye siki kidogo.

Swali: Kile cha kuchomeka ukutani chenye kichupa na utambi, kichupa kikiisha naweza kujazia mafuta ya kununua sokoni? – Mafinga

Jibu: Usijazie. Utambi na joto lake vimepimwa kwa mafuta ya kichupa kile kile. Mepesi mno yatapanda kwa kasi na kudondokea sehemu zenye umeme, na mafuta ya machungwa au ndimu hulainisha baadhi ya plastiki. Kichupa kisimame wima. Nyumba nyingi zina soketi zilizofungwa kiubavu. Huko usikichomeke kabisa.

Swali: Ndugu yetu ametutumia chetezo kutoka Marekani. Tubadilishe plagi tu? – Tukuyu

Jibu: Plagi haisaidii kitu. Kifaa cha volti 120 kikipewa 230 zetu, joto lake linakaribia mara nne. Kama kibandiko hakisemi 220 hadi 240, kitumie kwa transfoma ya kushusha volti tu, yenye uwezo wa wati unaozidi wa kifaa.

Swali: Usiku tunaingiza jiko la mkaa chumbani kwa ajili ya baridi. Mkaa unanuka, na mtoto wangu ana pumu, hivyo nawasha chetezo kukata harufu. Anakohoa zaidi. – Mama wa watoto watatu, Makambako

Jibu: Mama, hili ndilo swali lililotutia wasiwasi kuliko yote, na tunakuomba usiku wa leo jiko lilale nje. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu wakiwa usingizini. Manukato hayaiondoi hata chembe. Yanachoondoa ni ile harufu ya mkaa ambayo ingewakumbusha kufungua mlango. Mtu akiamka na kichwa kinauma, kizunguzungu na kichefuchefu, mtoeni nje mara moja kisha hospitali.

Kwa mwenye pumu, usiwashe manukato ya aina yoyote chumbani anakolala, hata yale yanayoitwa ya asili. Kwa watoto wachanga ni vivyo hivyo. Ukitaka sebule inukie, nusu saa inatosha, dirisha likiwa wazi kidogo.

Kama mnapikia gesi, kifaa kikae mbali na jikoni. Gesi ya mtungi huongezwa harufu kali kwa makusudi ili uvujaji utambulike, na manukato mazito huifunika. Ukihisi harufu hiyo, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzimia chetezo. Funga mtungi, fungua milango, tokeni nje.

Na chupa ya mafuta ifungiwe juu kabatini. Mtoto akinywa, usimtapishe wala usimpe maziwa, kwa kuwa mafuta yakirudi kooni huweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Swali: Mafuta yamemwagikia waya na swichi. Nifute na kuendelea? – Mbalizi

Jibu: Zima kwenye soketi, chomoa, subiri kipoe. Futa kwa pamba yenye spiriti kidogo, kisha kiache sehemu yenye hewa hadi harufu ya spiriti iishe kabisa. Kama mafuta yameingia ndani ya swichi, au plagi imebadilika rangi kuwa kahawia, usikirudishe kwenye umeme. Umeme ukikatika, chomoa hapo hapo, usisubiri urudi ukiwa umelala. Kikishika moto, zima umeme kwenye swichi kuu kama panafikika, kifunike kwa sufuria au kifuniko cha bati, usimwage maji, na upige Zimamoto, 114.