Jana Hukuonekana: Kilichonibakisha Kwenye Mazoezi ya Mtaani

Nilistaafu ualimu wa shule ya msingi nikiwa na miaka 60, nikasema sasa nipumzike. Nikapumzika kweli. Mwaka wa tatu presha ikapanda, magoti yakawa yananiuma kila nikiinuka kwenye kigoda, na asubuhi moja nikateleza bafuni. Sikuvunjika, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile nikawa natembea ndani ya nyumba yangu mwenyewe kwa kushika ukuta. Daktari akaniambia, "Mama, dawa umeze, lakini na mwili uutumie."

Leo nina miaka 67, na huu ni mwaka wa nne niko kwenye kikundi cha mazoezi huku kwetu Temeke. Nawaandikia wa rika langu, na vijana wanaotamani wazazi wao watoke nje. Nimeona wengi wakianza na wengi wakiacha, na mimi mwenyewe niliwahi kuacha.

Huku Temeke vikundi vya jogging viko kila kona. Jumapili alfajiri unasikia filimbi na nyimbo za mchakamchaka kabla jua halijatoka, na sisi tuliokimbia mchakamchaka shuleni miaka ile, moyo unaamka wenyewe. Kikundi cha kwanza nilikifuata kwa ajili ya zile nyimbo, nikadumu wiki tatu. Vijana wale hawakuwa wabaya. Walinipa shikamoo, walinipigia makofi, "Kaza mama!" Wakifika njia panda walisimama kunisubiri. Lakini nikifika tu nahema, wao tayari wameshapumzika, filimbi inapigwa, wanaondoka. Kwa hiyo waliokuwa na nguvu walipata pumziko, na mimi niliyechoka sikulipata hata mara moja. Wiki ya nne sikwenda. Hakuna aliyeniuliza.

Hapo nikakumbuka Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa bado Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Nilikuwa bado kazini. Tulitoka walimu kadhaa, tukatoka jasho, tukarudi na furaha. Mwezi uliofuata sikutokea, na pia hakuna aliyeniuliza. Kampeni ile ilifanya jambo kubwa: ilimwondolea mama mtu mzima aibu ya kuonekana barabarani na raba. Ila mara moja kwa mwezi haitoshi kwa mtu kuzoeleka mpaka pengo lake lionekane.

Kikundi nilicho nacho sasa nililetwa na jirani anayeuza vitumbua. Tunakutana kwenye uwanja wa shule, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tuko ishirini na kitu, wengi tumevuka 60. Mwalimu wetu ni kijana, na sharti lake ni moja: mwendo ni wa aliye nyuma. Tukizunguka uwanja, wa mwisho akifika ndipo pumziko linaanza kuhesabiwa, kwa wote.

Na hatukimbii sana. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linasema mtu wa miaka 65 na kuendelea apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, na ndani ya wiki hiyo siku tatu au zaidi ziwe na mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba. Hilo la kutoyumba wengi hatukuambiwa. Uzee ukiingia misuli ya mapaja inapungua, na mapaja ndiyo yanayokushika bafuni. Basi sisi tunasimama kwa mguu mmoja tukigusa shina la mwarobaini kwa kidole. Tunatembea juu ya mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Halafu kiti: unakaa, unakunja mikono kifuani, unainuka na kukaa tena kwa sekunde 30 huku mwenzako akihesabu. Siku ya kwanza nilifika mara 6, mara ya saba nikabaki nimeinama nusu, mapaja yanatetemeka. Kwa mwanamke wa miaka 65 hadi 69, chini ya 11 inahesabiwa kuwa pungufu. Mwaka jana nilifika 12. Mwenye vitumbua alipiga kigelegele mpaka watoto wa shule wakaja kutazama.

Kina mama, niwaambie jambo tunalofichana. Wengi hawaachi kwa sababu ya magoti. Wanaacha kwa sababu ya mkojo. Ukiruka kidogo, unatoka. Mama anarudi nyumbani kimya, harudi tena, na watoto wake wanadhani ni mvivu. Sisi tulilisema wazi kwa mwalimu. Akaondoa kuruka, akatufundisha kubana misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, na tukaomba shule watupe funguo ya choo. Ukitafutia mzazi wako kikundi, ulizia choo kabla ya kuulizia fulana.

Fulana nazo zilitupotezea mtu. Kikundi kilipoamua sare, kila mmoja shilingi elfu ishirini, mzee mmoja fundi seremala akatoweka. Alikuwa hana, na aliona haya kusema. Tulipomfuata nyumbani tukajua tumekosea. Sasa sare ni hiari, mchango ni elfu mbili kwa mwezi, na asiye nayo haulizwi. Mfuko ule ndio unaotupeleka hospitali kumwona mgonjwa, na kwenye msiba.

Ila kilichonibakisha mimi ni daftari. Kila asubuhi majina yanasomwa, kama mimi nilivyosoma majina ya watoto miaka zaidi ya thelathini. Wanangu wako Mwanza na Dodoma. Zilikuwepo siku napitisha bila mtu kulitaja jina langu. Mwezi wa pili kwenye kikundi nilipata homa, sikwenda. Kesho yake kabla ya saa mbili hodi mlangoni, mwenye vitumbua na yule seremala.

"Shikamoo mwalimu. Jana hukuonekana."

Nililia baada ya wao kuondoka, siwafichi.

Kwa anayetaka kuanza: pima presha kwanza, na kama unatumia dawa za sukari mwambie daktari, uende umekula, na uwe na pipi mfukoni, maana sukari inaweza kushuka ghafla. Kizunguzungu au kifua kikibana, kaa chini useme. Kwa anayeanzisha kikundi: mpe kila mzee kazi. Seremala sasa ndiye anayetunza viti, akiona mguu unacheza anaukaza hapohapo, na tangu apewe kazi hiyo hajakosa hata siku moja.

Kesho ni Alhamisi. Funguo ya choo wiki hii iko kwangu, kwa hiyo lazima nifike wa kwanza.